Povu Siyo Usafi, Jamani!



Najua nimekuwa kimya wiki mbili nzima, mniwie radhi. Tesiti zilifululiza, na matokeo ya nyingine hata sitaki kuyaongelea hapa. Leo ni Jumapili usiku, baridi ya Iringa inapenya mpaka kwenye mifupa, rumeti amejifunika gubigubi, na mimi nina jambo limenikaa kooni tangu jana. Jambo lenyewe ni sabuni. Ndiyo, sabuni. Cheka, ukimaliza endelea kusoma.

Wanaonifahamu hapa Mkwawa wanajua kwamba nauza sabuni za mama. Mama yangu yuko Uyole, Mbeya, anatengeneza sabuni za vipande nyuma ya nyumba, na kila nikitoka likizo napanda basi na boksi moja miguuni. Hela ya sabuni ndiyo inayonisogeza pale bumu linapokata. Kwa hiyo ninayosema hapa nayasema kama mtu mwenye maslahi. Sijifichi.

Sasa jana jioni tulikuwa kwenye kimbweta, nimetoa vipande vyangu. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza akachukua kimoja, akaenda nacho bombani, akarudi amekunja uso. "Dada, hii mbona haina povu? Sabuni gani hii?" Kabla sijajibu, kaka mmoja wa darasani kwetu akadakia: "Acheni kudharau vya kwetu bwana! Hata kama ina kasoro tununue, tumuunge mkono mama wa watu." Akatoa hela, akachukua viwili hata bila kunusa. Basi hapo ubishi ukawaka, watu wakagawanyika pande mbili kama Simba na Yanga, mpaka wengine wakachelewa chakula.

Mimi nilinyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu. Lakini nimelifikiria usiku kucha na jibu langu ni hili: wote wawili wamekosea. Tena yule aliyeninunulia ndiye aliyekosea zaidi.

Ngoja kwanza nitubu, halafu nitagomba.

Mwaka jana mwezi wa sita nilikuwa nyumbani na mfukoni sina kitu. Mama alikuwa amemwaga sabuni siku tisa tu zilizopita, bado imepangwa kwenye mbao pale stoo. Kwa kawaida anaiacha ikauke wiki nne. Nikambembeleza: "Mama, nipe hizo hizo, zitakaukia chuoni." Mama akasita, lakini mzazi ni mzazi. Nikabeba. Nikafika hapa nikauza vipande ishirini na kitu ndani ya siku mbili, nikajiona mjasiriamali kweli kweli.

Wiki haijaisha, rumeti wangu akaja kunionyesha mikono. Ngozi katikati ya vidole ilikuwa imebabuka na kuchanika, nyekundu. Alikuwa amefulia nguo za wiki nzima kwa ile sabuni. Na wiki iliyofuata alikuwa anaanza mazoezi ya kufundisha. Alisimama mbele ya watoto akishika chaki na vidole vilivyochanika, vumbi la chaki linaingia kwenye vidonda. Hakunigombeza hata siku moja. Hilo ndilo lililoniuma kuliko angenitukana.

Nasoma kemia, wadau. Mwaka wa tatu. Na sikuwa nimeipima sabuni ya mama yangu hata mara moja. Nilipochukua karatasi ya pH, nikalowesha kipande na kuigusisha, ilisoma 12 na kupanda. Sabuni nzuri ya kipande husoma 9 au 10. Sabuni haiwezi kuwa 7, usidanganywe na mtu, sabuni ya kweli ni chumvi ya asili ya besi. Lakini 12 siyo sabuni tena, hiyo ni kostiki soda iliyobaki inatafuta cha kula, na ikikosa mafuta inakula ngozi.

Nikampigia mama. Tukachunguza kwa simu hatua kwa hatua mpaka tukamkamata mchawi. Mama alikuwa anapima kostiki kwa kikopo. Siku zote alinunua ile ya magamba. Safari ile dukani walikuwa na ile ya chembe za mviringo, na chembe hujaa kwenye kikopo zikibanana vizuri kuliko magamba. Kikopo ni kile kile, uzito umeongezeka. Basi.

Na hapa niseme kitu ambacho watengenezaji wengi hawataki kusikia. Kukausha sabuni hakutibu kostiki iliyozidi. Watu wanasema "iache tu, itapoa yenyewe." Haipoi! Wiki nne zinapunguza maji, sabuni inakuwa ngumu na inadumu. Kostiki iliyozidi kwa kipimo hicho utaikuta humo humo, labda imepungua kidogo tu kwa nje. Dawa ni mizani. Kilo moja ya mawese inataka kama gramu 142 za kostiki soda iishe yote, na mtu mwenye akili anaweka pungufu kidogo, tuseme 135, ili mafuta ndiyo yabaki na siyo kostiki. Mafuta mengine yana hesabu yake. Alizeti inataka kidogo kuliko mawese, nazi inataka nyingi zaidi. Kikopo hakijui mambo hayo.

Nilirudisha hela za watu na kukusanya vipande vilivyobaki. Mama aliviyeyusha upya na kuongeza mafuta. Sasa nimeshatubu, nagomba.

Nianze na nyinyi wanunuzi, wapenzi wa povu.

Jamani, povu halioshi! Kinachotoa uchafu ni ile chembe ya sabuni ambayo upande mmoja unashika mafuta na upande mwingine unashika maji. Povu ni hewa iliyofungwa kwenye ngozi nyembamba ya maji ya sabuni. Povu likiwa jingi au dogo inategemea zaidi mafuta yaliyotumika na maji unayotumia. Mafuta ya nazi na ya mise, yale ya kokwa ya ndani ya chikichi, yanatoa povu kubwa la haraka. Mawese yanatoa povu dogo zito, lakini yanaipa sabuni ugumu. Alizeti tupu inatoa sabuni laini ya kutelezateleza ambayo ukiiacha kwenye maji asubuhi, jioni unakuta uji. Ndiyo maana mama anachanganya mawese ya Kyela na mise.

Halafu yule dada wa jana amejaribu kipande changu kwa maji gani? Ukiwa na maji magumu, yenye chokaa, sabuni ya kweli inaungana na ile chokaa na kuwa ule utando mweupe unaoganda kwenye beseni. Mpaka chokaa iishe ndipo povu linaanza. Sabuni ya unga ya dukani haina shida hiyo kwa sababu kikemia siyo sabuni ni ditajenti. Jaribu kipande hicho hicho kwa maji ya mvua, Mbeya mvua hatuombi, uone povu lilivyo. Bibi zetu walikuwa wanakinga maji ya mvua kufulia bila kwenda maabara yoyote.

Sasa angalia mapenzi yetu ya povu na uzito yametufikisha wapi kwenye sabuni ya maji. Ile inayouzwa mitaani kwenye chupa za maji ya kunywa. Mteja wa Mwanjelwa au wa Mlandege anainua chupa, anaitikisa, anasema "hii nzito, hii nzuri." Unajua uzito ule unatoka wapi mara nyingi? Chumvi. Chumvi ya kupikia! Ukiweka chumvi kiasi kwenye mchanganyiko ule unakuwa mzito kama asali, wakati nguvu ya kuosha haijaongezeka hata tone. Mteja anapenda uzito, basi anapewa uzito. Anapenda rangi ya kijani, anapewa kijani. Na chupa ina picha ya maji ya mlimani, haina maandishi mengine, iko chini ya meza ambapo mtoto anaweza kuifikia. Hapo hakuna mtu anayekunja uso!

La tatu, na hapa nitapoteza marafiki. Dada zangu (na kaka, msijifiche, tunawaona), swali linaloongoza nikiuza sabuni siyo bei. Ni hili: "Inang'arisha?" Nikisema haing'arishi, inaosha tu, kipande kinarudishwa mezani. Jirani yangu mwenye sabuni ya "manjano, liwa na karoti", kipande kimoja bei ya vipande vyangu vitatu, anamaliza boksi kabla ya mimi kufungua langu. Manjano sina ugomvi nayo. Ila sabuni inakaa kwenye ngozi dakika moja halafu inasuuzwa. Karoti itafanya nini kwa dakika moja? Na kama kweli umeona umekuwa mweupe ndani ya wiki mbili, basi usiishukuru karoti. Kaa ujiulize kuna nini kingine humo. Zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na havikupigwa marufuku kwa wivu. Zebaki inaharibu figo. Sabuni isiyotaja viambato vyake na inayobadilisha rangi ya mtu ni kitu cha kuogopa.

Vivyo hivyo zile za mwarobaini zinazotibu fangasi, chunusi, mba, harara, na mwisho sijui hata mikosi. Sabuni ni sabuni. Ikiosha vizuri bila kukubabua imemaliza kazi yake.

Haya. Sasa nawageukia watengenezaji, yaani nyumbani kwangu mwenyewe.

Watu wakisema hawapendi sabuni za mikono kwa sababu zinababua, zinayeyuka upesi, zinanuka mafuta yaliyochacha, leo kipande kikubwa kesho kidogo, leo nyeupe kesho kahawia, hawadharau vya kwetu. WANASEMA KWELI. Mimi nina ushahidi wa mikono ya rumeti wangu. Tusijifiche nyuma ya neno "asilia". Kostiki soda haikuota shambani Rungwe. Nayo ndiyo inayofanya mafuta yawe sabuni, na ikipimwa vizuri inaisha yote, hakuna aibu yoyote. Aibu ni kuandika "haina kemikali" juu ya kitu ambacho usiku wa jana kilikuwa kemikali ya kutoboa sufuria. Na simaanishi mzaha, kuna watu mpaka leo wanaikorogea kwenye sufuria za aluminiamu, sufuria inaliwa huku inatoa gesi, na yale yaliyoliwa yanaingia kwenye sabuni. Plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu ndivyo vyombo vyake. Na kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, siyo maji kwenye kostiki.

Ndiyo maana nilisema yule kaka aliyenunua bila kunusa amekosea zaidi. Moyo wake mzuri, Mungu ambariki, lakini "hata kama ina kasoro tununue" ni sentensi inayoua. Inamwambia mama yangu kwamba huruma inatosha, kwamba mizani si lazima. Leo utanunua kwa huruma, utababuka, kesho hutarudi, na utawaambia wenzako kumi "sabuni za mikono hapana." Huruma inanunua mara moja tu. Ubora ndio unaorudisha mteja.

Wazee wetu walishapita huko. Mama anasimulia uhaba wa miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, sabuni ikawa dhahabu. Watu walifulia majani ya mpapai. Ukipata gwanji, ile sabuni ya kienyeji ya mawese, unashukuru ingawa inakutoa ngozi. Ilinunuliwa kwa sababu hapakuwa na nyingine. Milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa mwaka 1984 na sabuni za nje zikaingia, nani alibaki kuililia gwanji? Hakuna. Tena Mbeya tuliwahi kuwa na kiwanda chetu cha sabuni, Hisoap, leo ni hadithi ya kusimuliwa na wazee. Kama kiwanda kizima kinaweza kufa, beseni la mama yangu litaokolewa na nini? Na kauli ya "tuunge mkono"?

Lakini msinielewe vibaya, sisemi tukimbilie za dukani. Nasema sabuni ya mkono ina sifa za kweli ambazo hatuzidai kwa sababu tumekalia povu. Mafuta yakigeuka sabuni inazaliwa gliserini humo humo. Viwanda vikubwa mara nyingi huitoa na kuiuza kwingine. Kwenye beseni la mama inabaki, ndiyo inayofanya ngozi isikakamae baada ya kuoga, na kwa baridi hii ya Iringa, ya midomo kupasuka na visigino kuwa ramani, hilo si jambo dogo. Mawese yako Kyela, alizeti iko hapa hapa Iringa, parachichi zimejaa Rungwe na Njombe. Kule Paje, Unguja, akina mama wanasaga mwani wanatia kwenye sabuni, na watalii wanainunua kwa bei ambayo sisi tungesema ni wizi. Mtalii anasoma karatasi imeandikwa kuna nini ndani, basi anatoa hela. Sisi tungeshaiuliza kama inang'arisha.

Kwa hiyo madai yangu ni haya. Ukija kununua sabuni ya mkono, kwangu au kwa mwingine yeyote, uliza maswali matatu. Imemwagwa lini? Ina mafuta gani? Kostiki ulipima kwa mizani au kwa kikopo? Akikasirika, ondoka. Akijibu, nunua, halafu ilalamikie ikikosea. Na sisi tunaouza tuandike tarehe, viambato na uzito kwenye kila kipande, hata kwa kalamu. Anayetaka kwenda mbali zaidi, SIDO ipo Mbeya na Iringa, na barua yao ya utambulisho ndiyo njia ya mjasiriamali mdogo kuifuata nembo ya TBS, ambao tangu mwaka 2019 ndio wanaosimamia vipodozi pia baada ya kazi hiyo kutoka iliyokuwa TFDA.

Najua mtasema, ni rahisi kuandika. Si rahisi. Nilipomwambia mama kwamba hatuuzi tena chini ya wiki nne, aliniuliza kitu kimoja tu: "Mwanangu, hizo wiki nne nitakula nini, na wewe utakula nini?" Sikuwa na jibu la kwenye desa. Tulichofanya ni kugawa. Badala ya kumwaga beseni kubwa mara moja kwa mwezi, anamwaga dogo kila wiki, kila ubao una tarehe yake. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa ugali na mchicha, siwafichi, na mizani ilinunuliwa kwa hela ambayo ilikuwa nauli yangu. Kuanzia wiki ya tano kila Jumamosi kuna ubao mmoja umekomaa. Wateja wa Uyole wengine wamehamia kwa jirani mwenye sabuni yenye povu na rangi ya waridi. Bado hawajarudi wote. Mama anaumia, mimi naumia. Lakini hatujarudi kwenye kikopo.

Na rumeti? Mikono yake ilipona, na wiki iliyopita alichukua kipande kwenye boksi langu. Kwanza aligeuza karatasi akasoma tarehe. Halafu akaniomba karatasi ya pH. Akapima mwenyewe mbele yangu, ikasoma 9, ndipo akatoa hela. Hakuniomba punguzo, na mimi sikumpa.

Huyo ndiye mteja ninayemtaka.

Haya, kesho saa moja asubuhi nina kipindi na sijagusa hata ukurasa. Yule dada wa mwaka wa kwanza, kama unasoma hapa, njoo na ndoo ya maji ya mvua tupime tena. Na yule kaka, vile vipande viwili ulivyobeba bila kunusa, vinuse leo. Vikiwa na kasoro, virudishe.

Tupo pamoja.